Siku Niliyosimamisha Machimbo

Asubuhi za machimboni kwetu huanza nyeupe. Kabla jua halijapanda, ukungu wa mabonde ya mpunga hukutana na vumbi la kokoto lililolala juu ya majani, na kwa muda mlima wote huwa kama kitu ambacho mtu amekiota na bado hajaamua kuamka. Unasikia mtu akikohoa mahali usipopaona. Unasikia mnyororo wa trekta. Halafu, mbali upande wa mashariki, Mwamba wa Tororo unajitokeza peke yake juu ya ule weupe, hauna miguu, umeelea, na ukiutazama sana unaanza kuhisi kwamba wewe ndiye unayekwenda na wenyewe ndio uliosimama.

Nimeona milima mingine, na ninayo haki ya kuilinganisha. Nilikaa kwenye migodi ya dhahabu ya Tanzania, kule Kanda ya Ziwa, muda wa kutosha kuondoka na kidevu laini na kurudi na mvi. Nilikwenda nikiwa mpiga nyundo. Nilirudi na diploma ya uchimbaji, niliyoisomea jioni baada ya zamu, macho yamejaa vumbi, bila mjomba wa kunilipia wala padri wa kuniandikia barua. Siku ya kwanza niliporudi Uganda na kusimama kwenye soko la Nagongera kuuliza bei ya simsim, muuzaji aliwageukia wenzake akasema, "Huyu naongea kama redio." Sikukasirika. Kiswahili changu nilikitolea jasho kama diploma yangu, na vyote viwili ni safi.

Vijana wa bodaboda walijua kwamba nimerudi, na kila nilipopita walinipungia nisimame. Swali lao lilikuwa lile lile: kwenye mawe kuna kazi? Niliwaambia ukweli, kwa sababu mimi si mtu wa kuwapaka watu mafuta. Kazi ya kuchimba na kubeba ipo. Kwetu ardhi ina kila kitu chini yake: jiwe jeupe la saruji pale Tororo, mbolea ndani ya vilima vyekundu, dhahabu upande wa Busia, na mwamba mweusi wa barabara kila mahali ambapo jembe hugoma. Lakini kazi ya kusimamia ni kiti kimoja kwa kila mlima. Wenye mashine kubwa huja na msimamizi wao kutoka walikotoka. Wenye mashimo madogo humpa shemeji.

Nilikuwa nimeyajua hayo kwa mguu wangu. Kabla ya machimbo haya nilikwenda Busia kwenye mashimo ya dhahabu. Mwenye shimo, mzee wa Kisamia aliyevaa kofia ya sufu kwenye jua kali, aliigeuza diploma yangu huku na huku, akapapasa mhuri kwa kidole, akanirudishia.

"Karatasi nzuri," alisema. "Umeoa kwa nani?"

"Sijaoa huku, mzee."

"Basi watu watashuka shimoni kwa amri ya nani?"

Alinipa muwa wa kutafuna njiani. Nilirudi Tororo nikiutafuna, na sikuona vibaya, maana nilijua kwamba mlima wangu upo mahali fulani unanisubiri.

Ulikuwa huu wa kokoto, kati ya Nagongera na Paya, si mbali na nyumba ya mama yangu. Kampuni ilitaka msimamizi mmoja wa kudumu na ilichukua wawili kwa majaribio. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili alikuwa kijana mnene, mcheshi, kutoka Busia upande wa Kenya, aliyejua mashine kama mtu anavyowajua ng'ombe wake. Tulipishana zamu, tukala sahani moja, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake lazima aondoke. Wakubwa kutoka makao makuu wangekuja siku ya kupiga baruti, waone mlima unavyoanguka, kisha wachague.

Kwangu hilo halikuwa jambo la mshahara tu. Bosi wangu wa zamani kule Tanzania alikuwa amenipigia simu: nafasi yangu ipo, lakini hataiweka zaidi ya mwisho wa mwezi. Nikikosa mlima huu, narudi kule, na safari hii ningejua kwamba sirudi tena nyumbani isipokuwa kwa kuzika. Mama hakuniuliza kitu. Alikuwa tu na tabia mpya ya kupika kidogo, chungu cha mtu mmoja, halafu nikitokea mlangoni anasema, "Ah, uko?" kana kwamba ameshazoea kwamba sipo.

Ikatokea kwamba jioni tulipomaliza kutoboa matundu ya baruti, bibi wa boma lililoko chini ya mlima alifariki. Ndiye aliyekuwa akituuzia uji wa wimbi. Nusu ya wafanyakazi wetu walikuwa wajukuu zake, na nusu nyingine walikuwa wameoa kwake au walisema wameoa kwake. Watoto wake walikuwa Kampala na Nairobi, hivyo mazishi yakapangwa keshokutwa, wapate kufika. Na keshokutwa ndiyo siku ambayo baruti ingeletwa na askari, na wakubwa wangekuja nyuma yake.

Kwetu mtu akifa, ardhi ya kijiji hufungwa. Jembe haliguswi mpaka azikwe. Hata mwenye mvua juu ya shamba lake na mbegu mkononi hukaa. Hakuna anayelitangaza jambo hilo, wala hakuna anayelinda. Unaona tu majembe yamelala ukutani na watu wanatembea polepole.

Siku iliyofuata hakuja mtu kazini. Tulikaa mlimani sisi wawili, mimi na yule mwenzangu wa Busia, tumeegemea kompresa, mashine yetu ya upepo wa kutobolea, iliyonyamaza. Sijawahi kuusikia mlima kimya namna ile. Vumbi lilishuka lote, majani yakarudia rangi yake, na katika matundu tuliyotoboa upepo ulipita ukitoa sauti ya chini, kama watu wengi wanaopuliza chai. Nilifumba macho nikaona milima yote niliyowahi kuifanyia kazi imepangwa mmoja nyuma ya mwingine hadi ziwani, na yote imenyamaza, na kila mmoja una mtu wake amekaa kileleni akisubiri kuambiwa.

Simu ya meneja ilinirudisha. Alikuwa mtu wa magharibi ya Uganda, Kiswahili amejifunzia kwa madereva wa malori.

"Kesho napiga," alisema. "Baruti nakuja saa tano. Askari nakuja. Wakubwa nakuja. Wewe tafuta watu."

"Meneja, kesho kuna mazishi chini ya mlima."

"Mazishi ni saa ngapi?"

"Alasiri. Lakini ardhi haipigwi mpaka azikwe. Na hata bila hivyo, boma lile liko ndani ya mstari wa hatari. Siku ya kawaida tunawaondoa watu wa nyumba moja. Kesho kutakuwa na kijiji kizima, na maiti."

Nilisikia redio ndani ya gari lake.

"Baruti ikirudi Kampala, kuipata tena ni mwezi mwingine wa kuomba. Wewe najua hiyo?"

"Najua."

"Basi nipe huyo mwingine."

Nikampa mwenzangu simu. Alisikiliza, akajikuna tumbo, akasema, "Sawa bosi. Mimi nitapiga, hakuna noma. Nipee watu tu." Akasikiliza tena. "Bosi, hapa tuko wawili. Na mmoja ndio huyo amekataa." Alinirudishia simu ikiwa imekatwa.

"Buda," aliniambia, "umejimaliza. Wakubwa wanakuja kuona mlima ukilipuka, wewe unawaonyesha watu wakilia."

"Amri ya kupiga ni yangu kwa zamu ya kesho," nilimjibu. "Nimeshasema hapigi mtu."

Watu wengi wenye vyeti wangetafuta maneno ya kuzunguka. Mimi nilisema wazi, na ninajivunia hilo hadi leo. Lakini usingizi wa usiku huo ulikuwa mwepesi. Nilikuwa ninaelea juu yake kama ule mwamba juu ya ukungu, na kila nilipozama kidogo niliona basi la Mwanza likiwa limewasha taa, mlango wazi, kondakta ananiita kwa upole.

Alfajiri niliondoka nyumbani kwenda kwenye boma la msiba. Mdogo wa mume wa marehemu, mzee mrefu ambaye wote tulimwita jadwong kwa heshima ya umri wake, alinipokea njiani kabla sijafika. Mikono yake ilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko.

"Mwanangu, tumegonga jiwe," alisema.

Wachimba kaburi walikuwa wamefika kiasi cha goti wakakuta mwamba, umelala bapa kama meza. Mwanamke wa kwetu aliyezeekea kwa mumewe huzikwa kando ya mumewe, na kaburi la mume lilikuwa pale pale, limejengewa kwa saruji, mkono mmoja tu kutoka ukingoni. Kwenda mahali pengine penye udongo laini lilikuwa neno ambalo hakuna aliyethubutu kulitamka. Njia ya zamani ni kuwasha moto juu ya jiwe siku nzima, kisha kulimwagia maji lipasuke. Lakini moto ule ungepasua pia kaburi la babu, mumewe, na siku nzima hatukuwa nayo.

"Wewe ni mtu wa mawe," jadwong alisema. "Ndiyo nimekuja kwako."

Siku hiyo ardhi yote ilikuwa imefungwa isipokuwa mahali pale tu. Niliona jambo hilo kwa uwazi wa ajabu, kama vile mtu ameniwashia taa kichwani. Nilimwamsha dereva wa trekta aliyekuwa amelala msibani na viatu, tukapanda mlimani, tukaifunga kompresa nyuma ya trekta na kuishusha bomani. Sikumpigia meneja simu. Msimamizi wa zamu ndiye mwenye mashine, hivyo ndivyo nilivyofundishwa.

Niliwaondoa waombolezaji wakaenda upande wa pili wa nyumba. Niliomba maji nikaliosha lile jiwe, nikapiga magoti, nikalisoma. Sitaona haya kusema kwamba hakuna mwingine kati ya Tororo na Busia ambaye angelisoma vile asubuhi ile. Kulikuwa na mshono mwembamba, rangi ya chai, uliopita mshazari kuelekea miguuni mwa kaburi. Ukilipiga jiwe kwa nguvu za nyundo ya upepo katikati, mtikisiko unakwenda kwa babu. Ukilitoboa matundu madogo kwa mstari, ukaingiza kabari za chuma na kuzigonga moja baada ya nyingine kwa zamu, polepole, jiwe linaachana lenyewe kwenye mshono bila kelele nyingi.

Nilichora mstari kwa chaki. Nikaanza kutoboa. Mvuke wa maji na vumbi ulinizunguka, nikawa sioni boma tena, wala watu. Niliona mikono yangu tu na ule mstari mweupe. Nyimbo za kanisani zilinifikia kutoka upande wa pili wa nyumba, kwa vipande, zikiingia kati ya mlio wa mashine kila nilipopumzika. Nilikuwa chini ya ardhi ya Tanzania na nilikuwa pale. Nilikuwa mpiga nyundo na nilikuwa msimamizi.

Mkono ulinigusa bega. Yule mwenzangu wa Busia, amevua shati, amefunga kitambaa puani.

"Toka, upumzike," alisema. "Unatetemeka kama kuku. Kabari ziko wapi?"

"Ulisema utapiga mlima."

"Na nani? Watu wako hapa." Alishuka kwenye shimo akatazama mstari wangu. "Huu mstari ni fiti. Lakini hapa mwisho umekaribia sana kwa mzee. Rudisha kidogo."

Nilirudisha kidogo. Tukagonga kabari kwa zamu, yeye moja, mimi moja, tukisikiliza. Sauti ya chuma hubadilika jiwe linapokaribia kukubali, inakuwa nene. Ilipokuwa nene tuliacha, tukakaa, na baada ya muda tulisikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja muhogo mkavu, na jiwe likawa mawili. Jadwong aliyeegemea ukuta alifumba macho. Kaburi la babu halikuwa na hata unywele wa ufa.

Tulikuwa tunatoa vipande vya mwisho meneja alipofika. Alikuwa amekwenda mlimani akakuta hakuna kompresa wala mtu, kisha akafuata alama za magurudumu. Alishuka kwenye gari akiwa tayari na maneno mdomoni, niliyaona. Lakini mtu hawezi kuingia kwenye msiba wa kwetu na kuanza kusema. Kina mama walimkamata kwa salamu, mmoja baada ya mwingine, wote wamepiga magoti, akalazimika kuinama na kuitika. Akaletewa kiti cha mbele. Akaletewa chai. Na mwenye kipaza sauti, ambaye alikuwa akitangaza kila gari lililoingia, akamwona.

"Tunamshukuru sana meneja wa kampuni," ilisikika boma zima, "aliyetutumia mashine yake kumchimbia mama yetu. Meneja, inuka kidogo watu wakuone."

Meneja aliinuka kidogo. Watu wakaguna kwa shukrani. Akaketi, akanitazama juu ya kikombe, na mimi nikamtazama. Baruti ilikuwa imefika na askari wake barabarani, na askari wenyewe walikuwa wameshapewa sahani.

Wakubwa walifika jeneza likiwa limeshatolewa nje. Barabara ya kwenda mlimani ilipita mlangoni mwa boma, na ilikuwa imejaa baiskeli na watu, hivyo gari lao likasimama. Aliyeshuka kwanza alikuwa mama mmoja mfupi, mwenye miwani, ambaye wengine walimfungulia njia. Alisimama nasi kando ya kaburi wakati wa sala. Niliona akitazama chini, kwenye kuta zilizonyooka, na upande wa babu uliokatwa kama mkate. Udongo uliporudishwa wote, alinisogelea.

"Nani aliruhusu mashine itoke machimboni?"

"Mimi, mama."

"Na baruti imesimamishwa na nani?"

"Mimi pia."

"Bila ruhusa."

"Zamu ni yangu. Hawa wote unaowaona wako ndani ya mstari wa hatari. Nilikuwa na njia ya kuwaondoa watu kutoka nyumbani kwao. Sikuwa na njia ya kumwondoa yule aliyekuwa ndani ya sanduku."

Meneja alikohoa. "Mama, mimi nilimwambia—"

"Wewe umeshashukuriwa kwa kipaza sauti," mama yule alimwambia, bila kucheka. Kisha akaniuliza, "Kesho watakuja kazini?"

"Azikwe leo, kesho ardhi inafunguka. Watakuja kabla yangu."

Askari walilala na ile baruti kituoni, wakubwa wakalala Tororo mjini. Na asubuhi, nilipopanda ndani ya ule weupe, nilisikia vikohozi vingi kuliko siku zote. Walikuwa wamefika wote, hata wasio na zamu, na wengine walikuwa bado na nguo za msibani. Boma la chini lilihama lenyewe kabla sijatuma mtu, jadwong mbele, amebeba kiti chake. Niliinua mkono. Mlima mzima ukasubiri mkono wangu. Nilipoushusha, jiwe liliinuka taratibu, kama mtu aliyevuta pumzi, likaketi chini mahali pale pale nilipotaka liketi, na sauti ikaja baadaye, ikatupita, ikaenda zake upande wa Kenya.

Mama wa makao makuu alitangaza kabla vumbi halijatulia. Mlima ni wangu. Alisema msimamizi anayejua kupiga yupo kila mahali, na kwamba alikuwa akimtafuta anayejua lini asipige. Nilikubaliana naye kabisa.

Mwenzangu wa Busia alifunga begi lake kwenye kivuli cha kompresa. Nilisimama karibu yake, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi sikuwa na la kusema juu yangu mwenyewe.

"Ule mstari uliurudisha wewe," nilimwambia baadaye.

"Najua. Na wewe ndio uliuchora." Alivuta zipu. "Usinionee huruma, buda. Busia kuna shimo la dhahabu linataka mtu wa mashine, na mimi nimeoa huko." Alicheka hadi tumbo likatikisika. "Wewe sasa utazikwa hapa hapa. Hakikisha wanakupatia mahali pa udongo."

Bodaboda ilimchukua. Nilimfuata kwa macho hadi akawa rangi, kisha vumbi.

Jioni niliteremka kwenda Paya kwa miguu, ingawa dereva wa tipa alitaka kunipakia. Nilitaka kupita polepole mbele ya kila nyumba, na nilipita polepole. Majembe yalikuwa yametoka ukutani na watu walikuwa mashambani hadi giza linaingia, wakifidia. Walinyoosha migongo kunisalimia kwa jina la kazi yangu mpya. Habari huwa na miguu mirefu kuliko yangu.

Mama alikuwa jikoni, mbele ya maji yaliyokuwa yakichemka. Hakugeuka.

"Ah, uko?"

"Niko, mama. Wamenipa mlima."

Alishika kifuniko cha chungu.

"Kwa hiyo kesho utakula hapa."

"Kesho, na keshokutwa."

Alivuta chombo cha unga wa wimbi, akachota mkono mmoja akatia chunguni. Akafikiri kidogo, akachota tena.